Hamira Ingali Juu ya Unga

"Rafiki yangu" ndiye mtu mwenye mkosi kuliko wote katika mji huu. Kondomu ikipasuka, imempasukia yeye. Aliyelewa harusini akaamkia nyumba asiyoijua ni yeye, aliyeona haya kuuliza ni yeye, na aliyeuliza akadanganywa ni yeye vilevile. Habari zake nililetewa tangu nilipokuwa muuguzi kijana mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi, na leo nimestaafu, napika maandazi barazani kwangu kila asubuhi, bado naletewa.

"Shikamoo bibi."

Marahaba, mjukuu wangu.

"Bibi, kuna rafiki yangu ana shida kidogo."

Mimi huendelea kukanda unga wangu bila kuinua uso, maana nikimtazama machoni yule rafiki hutoroka papo hapo, na mjukuu husema alikuja tu kununua maandazi ya mia tano. Nauliza neno moja: lini?

"Juzi, bibi."

Juzi ipi?

"Juzi juzi hivi... Alhamisi."

Na siku tunayozungumza ni Jumanne.

Sikasiriki. Ningekuwa mtu wa kukasirikia mambo ya watu na miili yao, presha ingekwishanimaliza zamani. Watu hulewa, hupenda, huapa kuwa waangalifu, na usiku ukiingia kiapo hubaki kwenye mfuko wa suruali pamoja na kondomu yenyewe. Nimeyaona kwa makondakta na kwa mahakimu, kwa waimba kwaya na kwa wanaoimba baa. Kinachonichosha, na mara nyingine kunichekesha, si usiku ule. Ni siku nne zilizofuata. Usiku wenyewe huwa jambo la muda mfupi, na giza lilikuwepo, na pombe ilikuwepo. Lakini ule upumbavu wa baadaye watu huufanya mchana kweupe wakiwa na akili zao timamu.

Siku ya kwanza huwa ya jikoni. Mtu anatafuta limau. Mwingine anaongeza chumvi. Mwanamke mmoja alikuja wodini kwetu akiwa amejisafisha ndani kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na kabla hatujafika kwenye habari ya virusi vya UKIMWI (VVU) ilibidi kwanza tutibu kuungua. Ngozi laini ya ndani ikichubuka namna ile, umevipa virusi njia ambayo pengine visingeipata. Maji na sabuni kwa nje yanatosha. Hata aliyechomwa sindano kazini naye aoshe tu, asikiminyeminye kidole, asikiloweke kwenye spiriti.

Siku ya pili huwa ya mahesabu. Mbona alikuwa mnene? Mbona ana ngozi nzuri? Mbona anafanya kazi benki? Nami huwaambia: mnene mwenye ngozi nzuri anaweza kuwa ndiye anayemeza dawa zake vizuri, virusi vyake vimefubazwa hadi kipimo hakivioni, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Huyo ukikutana naye umepata nafuu usiyoijua. Wa kuogopewa ni yule ambaye hajawahi kupima na hana habari, naye anaweza kuwa mnene vilevile. Sura ya mtu ni mizani mbovu. Hata muuza samaki hawezi kuitumia.

Siku ya tatu huwa ya kwenda na kurudi. Anafika hadi lango la kituo cha afya, anamwona shangazi yake ameketi benchi la kliniki ya sukari, anageuka. Anajipa moyo kwamba kesho shangazi hatakuwepo. Kesho ni siku ya nne.

Na dawa ipo. Ndilo linaloniumiza kichwa. Inaitwa PEP, na kazi yake ni kumkinga mtu ambaye huenda amekutana na VVU, kabla maambukizi hayajajijenga. Huanzwa haraka iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28 mfululizo. Wengi hawaijui, na wanaoijua wameshika nusu tu ya habari zake, tena ile nusu ya saa 72, wakaifanya mkopo wa kujivutia muda.

Nyinyi hamkuwepo, kwa hiyo niwaambie kulikuwaje wakati hakuna hata hiyo nusu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kule ugonjwa wakauita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa fasheni siku zile, maana sisi hata msiba huupa jina la utani kabla hatujaufahamu. Baadaye ukaitwa miwaya, ukaitwa ngoma. Muuguzi akichomwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa, alichokuwa nacho ni bomba la maji na sala. Alinawa, akarudi kazini, akasubiri. Watu walisubiri hivyo miezi, wakiwapikia waume zao na kuwanyonyesha watoto wao, hawamwambii mtu. Hatari ya kuambukizwa kwa sindano moja ni kama 3 kati ya 1,000. Ukiisikia unaona ndogo. Lakini nani alijua yeye yumo kwenye wale watatu au wale wengine?

Dawa iitwayo AZT ilipata kibali Marekani mwaka 1987, na huko hospitali zikaanza kuwapa wafanyakazi waliochomwa. Kama inasaidia, hakuna aliyekuwa na hakika. Wala hakuna mwenye moyo wa kuwagawa waliochomwa mafungu mawili ili fungu moja linyimwe dawa, tukae tuhesabu nani kaambukizwa. Kwa hiyo watafiti wakaenda kinyumenyume. Waliwachukua wafanyakazi 33 walioambukizwa kwa njia hiyo, Marekani na Ulaya, wakawalinganisha na 665 waliochomwa wasiambukizwe, wakauliza nani alikuwa amemeza AZT. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997: waliomeza, hatari yao ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 81. Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya kima waliodungwa virusi vya jamii ya VVU kisha wakapewa tenofovir. Walioanzishwa dawa baada ya saa 24 na kupewa siku 28, maambukizi hayakushika. Waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, kinga ikapungua. Waliokatiziwa dawa baada ya siku chache, ikapungua pia. Tenofovir hiyohiyo ndiyo imo kwenye kidonge mnachopewa leo bure, mnachokikimbia kwa sababu ya shangazi.

Sasa, kwa nini saa zina maana hivi? Virusi vikiingia mwilini havienei kote papo hapo. Huanzia palepale vilipoingilia, hubebwa na chembe za ulinzi hadi kwenye tezi, mwendo wa siku moja au mbili, na kwa wanyama waliochunguzwa vilichukua kama siku tano kuonekana kwenye damu. Na kirusi kikiingia ndani ya chembe, hujinakili kwanza, kisha nakala ile hujichomeka ndani ya vinasaba vyako wewe. Mpishi wa maandazi analielewa hilo bila kusomea. Hamira ikiwa ingali juu ya unga mkavu, umeimwaga kimakosa, utaichota na kijiko au utaipuliza. Ukishatia maji ukakanda, mwite fundi yeyote umtakaye, hamira hiyo haitoki. Kidonge cha siku hizi kina dawa tatu: tenofovir na lamivudini zinakizuia kirusi kisijinakili, na dolutegravir inazuia ile nakala isijichomeke. Hakuna hata moja inayoweza kung'oa kilichokwisha kujichomeka. Zote tatu zinafanya kazi mlangoni.

Kwa hiyo tuzihesabu saa vizuri, maana hapa ndipo wasomi wangu wanapoanguka. Jambo limetokea Ijumaa saa tano usiku. Saa 72 zinaisha Jumatatu saa tano usiku. Anayesema "nitakwenda Jumatatu nikitoka kazini" anakwenda ukingoni kabisa, na anayesema "siku tatu, basi Jumanne asubuhi" amekwishachelewa. Wala saa hizo hazilingani thamani. Saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini, ya ishirini ni bora kuliko ya sabini. Aliyefika saa ya sabini tutampa, na tutamtakia heri, lakini tusidanganyane kwamba yeye na aliyekuja alfajiri ileile wamepata kitu kimoja.

Wikiendi ndiyo adui mkubwa, kwa sababu mambo haya hupenda Ijumaa na Jumamosi, na kliniki nyingi za VVU, zile za CTC, hupenda Jumatatu. Usisubiri CTC ifunguliwe. Nenda hospitali, upande wa dharura, umwambie wa mapokezi: nimekuja kwa ajili ya PEP, jambo limetokea jana usiku saa nne. Basi. Huhitaji kueleza jinsi harusi ilivyokuwa, wala huhitaji kumleta rafiki. Wapo watakaokukazia macho, sitaficha; tumewafundisha wauguzi mengi, lakini kuficha mshangao bado hatujawafundisha wote. Mmoja akikusema, muulize daktari wa zamu yuko wapi, usiondoke. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii ipelekwe hadi kwenye jamii na itolewe hata na wahudumu wasio madaktari, kwa sababu limechoka, kama mimi, kuona watu wakiliwa na saa barabarani.

Utapimwa kwanza. Hapo wengi hutaka kukimbia, wakidhani wameshtakiwa. Kipimo cha siku hiyo hakisemi lolote kuhusu Ijumaa. Kinasema habari za kabla ya Ijumaa, ili kama tayari unaishi na VVU usipewe mwezi mmoja wa dawa bali uanzishiwe matibabu kamili. Utaulizwa kuhusu figo na homa ya ini aina ya B. Sema pia kama unameza dawa za kifua kikuu au metformin ya sukari. Hata zile dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu, vitaje, maana vikimezwa pamoja na dolutegravir huizuia isifyonzwe vizuri. Na kama mwenzako anafikika na yuko tayari kupima, heri. Lakini usimsubiri. Meza kwanza, yeye atapimwa kesho; akionekana hana, mhudumu ndiye atakayepima kama unaweza kuacha.

Niseme jambo moja bila kucheka. Kuna wanaokuja ambao hawakulewa, hawakupenda, hawakusahau. Walibakwa. Kwao maneno yangu ya upumbavu hayahusu hata chembe, na anayewauliza walikuwa wamevaa nini aende akakae nje. Hao nawaomba neno dogo: hospitali iwe ya kwanza, karatasi za polisi zifuate. Tumezoea kuambiwa fomu ya polisi, PF3, kwanza, mtu akazunguka kituo hiki na kile huku saa zinakimbia. Ukiweza, usioge kabla ya kuchunguzwa, wala usifue nguo zile, kwa ajili ya ushahidi. Lakini kama umekwisha kuoga, njoo hivyohivyo, dawa haitabadilika. Mwanamke aombe pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinavyotumika hadi siku tano, japo navyo vinapenda haraka. Zipo hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa chini ya paa moja ili usisimulie kisa kilekile mara nne. Na mtoto akikuambia, mwamini leo, hasira utaitoa keshokutwa.

Haya, umefika, umepata chupa. Unadhani shughuli imekwisha? Ndiyo kwanza inaanza. Tathmini kubwa iliyokusanya tafiti kutoka nchi nyingi mwaka 2014 ilikuta wanaomaliza siku zote 28 ni zaidi kidogo ya nusu tu. Nusu! Watu waliotetemeka mbele ya dirisha la dawa, walioapa kwa jina la mama, wakifika siku ya kumi wanasahau. Hofu ina mwendo wake: siku ya kwanza inakuamsha usiku, wiki ya pili imepoa, na mtu anaanza kujiambia kwamba pengine hakukuwa na kitu. Wengine huacha kwa sababu ya kichefuchefu au kukosa usingizi. Zamani nilikuwa na huruma zaidi kwenye hilo, maana tulikuwa tukiwapa AZT iliyowaondolea hamu ya chakula, na nyingine zilizowafanya waharishe mwezi mzima. Kidonge cha sasa ni kimoja kwa siku, na wengi hawasikii kitu zaidi ya kichwa kuuma siku za mwanzo. Kikikunyima usingizi, meza asubuhi. Ukitapika, rudi kwa aliyekupa, usijiachishe.

Lakini sababu kubwa ninayoijua mimi haimo tumboni. Imo kwenye mlio wa chupa. Vidonge hivi ni vilevile wanavyomeza wanaoishi na VVU, chupa ni ileile, na ukiutikisa mkoba hulia. Basi mtu ambaye hana ugonjwa anaanza kuishi kama wale ambao jana alikuwa akiwasengenya. Anajaza pamba ndani ya chupa isilie. Anabandua lebo. Anahamishia vidonge kwenye kopo la kahawa, kisha anaogopa mke asije akapika kahawa. Anameza chooni. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakinung'unika kwamba siku 28 za kujificha ni mateso, nami nikawauliza kwa upole: na binamu yako unayemcheka, yeye anajificha mwaka wa ngapi? Hawanijibu. Wengine, nashukuru, baada ya mwezi huo husengenya kidogo kidogo tu.

Usimgawie mtu vidonge vyako. Kuna vijana wawili waliokuja kunisimulia kwa fahari kwamba walikuwa pamoja usiku ule, mmoja akapewa dawa, wakagawana sawa kwa sawa kwa kuwa wao ni ndugu. Upendo mzuri sana. Kila mmoja akawa amepata wiki mbili za dawa ya wiki nne, yaani wamenunua kitenge kimoja wakakikata katikati, na sasa wote wawili wako nusu uchi. Wala usimwombe jirani anayeishi na VVU akupunguzie zake. Zake zimehesabiwa, na wewe hujapimwa. Na katika mwezi huo, na hadi upimwe tena wiki ya sita na mwezi wa tatu, tumia kondomu hata na mkeo. Najua utaulizwa kwa nini. Tafuta maneno, au mwambie ukweli. Ukweli utaleta kelele za wiki moja ndani ya nyumba. Ukimwambukiza, kelele hizo zitakuwa ndogo.

Wapo pia wanaokuja bila kuhitaji. Amekunywa kikombe kimoja na mtu, amebusiwa shavuni, ameumwa na mbu ambaye kabla yake alimuuma jirani. Hao nawapa andazi na kuwarudisha nyumbani.

Halafu yuko mteja wangu wa mwisho wa mwezi. Kijana mzuri, ana pikipiki, mshahara ukitoka naye anatoka. Alikwenda kupewa PEP, akamaliza vizuri, akapima, salama. Miezi miwili mbele, tena. Kabla ya mwaka kuisha, tena. Wenzangu kituoni wakaanza kumwita kwa jina la dawa. Mimi sikuona ajabu, maana mtu anayekimbilia hospitali kila akiteleza ana akili kuliko mia wanaoteleza wakanyamaza. Ila PEP ni ya dharura. Mwenye dharura kila mwisho wa mwezi hana dharura, ana ratiba. Nikamwambia, mjukuu wangu, wewe unahitaji dawa kinga, ile inayomezwa kabla, wanayoiita PrEP. Kenya walianza kuitoa kitaifa mwaka 2017, na sasa ipo huku kwetu pia. Hata sindano ya mara mbili kwa mwaka imekwisha kupatikana, lenacapavir. Kwenye utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yake yakatoka mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Aliniambia anaogopa kuonekana mhuni. Nikamuuliza, kwani sasa hivi wanakuonaje?

Akaenda. Inawezekana kutoka siku 28 za PEP kuingia moja kwa moja kwenye dawa kinga, ukipima na kuonekana uko salama, bila kupumzika hata siku moja katikati.

Na yule wa Alhamisi aliyenijia Jumanne? Sikumfukuza. PEP ilikuwa imempita, nikamwambia hivyo bila kuzunguka, akakaa kimya akimenya andazi kwa kucha bila kulila. Nikamwandikia tarehe kwenye kipande cha gazeti: apime siku hiyohiyo, apime tena wiki ya sita, apime mwezi wa tatu, na katikati ya hapo asimguse mtu bila kondomu. Homa ikimjia, na vidonda vya koo na mitoki, katika wiki hizo za mwanzo, asiseme ni malaria, arudi apimwe. Kama atakutwa na VVU, dawa zipo bure tangu 2004, na akianza mapema atazeeka nazo hadi apate wajukuu wa kumsumbua barazani. Huenda pia hana kitu. Tendo moja mara nyingi halitoshi kuambukiza, na sikumnyima faraja hiyo. Nilimlipisha maandazi yake tu.